Lango Lililochomelewa

Kufikia Jumatatu, Sindano alikuwa ameishiwa viatu vibovu. Wiki nzima iliyopita alimpelekea fundi viatu wa uchochoroni kimoja baada ya kingine: kandambili iliyokatika ukanda, raba iliyoachama mdomo, hata viatu vya marehemu baba yake vilivyokuwa vikikaa tu chini ya kabati. Leo ilibidi achukue kiatu chake kizima cha kazini, akigongegonge kwenye chuma cha kitanda mpaka kisigino kikasalimu amri.

Fundi alikipokea, akakigeuza, akamtazama mwenye kiatu.

"Dada yangu, wewe unatembea au unapiga watu mateke?"

"Barabara zetu mbovu."

"Barabara ni hizihizi ninazopita mimi." Akafungua kopo la gundi. "Haya, kaa. Nimeshakuzoea, usipokuja najiona mpweke."

Sindano akakaa kwenye benchi, mguu mmoja mtupu juu ya boksi, na macho akayapeleka pale alipokuwa akiyapeleka wiki nzima: ng'ambo ya uchochoro, kwenye lango la chuma.

Lilikuwa lango la jina tu. Mtu alilikingamishia nondo, akalichomelea juu, chini na ubavuni, kisha kutu ikamalizia kazi. Nyuma yake palikuwa na ghala refu la magodoro, na wateja wa magodoro waliingilia upande wa barabara kubwa. Huku nyuma hakuingia hata paka. Mbele ya lango hilo, wima, mikono nyuma, viatu viking'aa hata ungeweza kujitazama na kuchana nywele, alisimama yule bwana.

Koplo. Ndivyo mtaa ulivyomwita, na ndicho cheo kilichoandikwa kwenye jalada lililokuwa mezani kwa Sindano: koplo wa zamani wa polisi, ameachishwa kazi kwa ugonjwa, anaomba pensheni ya ulemavu kwa jeraha la akili.

Sindano mwenyewe hakuwa polisi. Alikuwa mpelelezi wa Mfuko wa pensheni, kitengo cha madai yenye utata. Jina la Sindano walimbandika wenzake kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu akishaingia mahali hatoki bila uzi. Madai ya mguu uliokatika hayakumfikia yeye, maana mguu upo ama haupo, kila mtu anaona. Haya ya akili ndiyo yaliyomkalisha kwenye mabenchi ya watu.

Daktari alikuwa ameandika hivi: mgonjwa hulala ameketi kwenye kiti, mlango ukibamizwa hujitupa chini, hawezi tena kazi ya lindo. Na mgonjwa huyohuyo, siku nenda siku rudi, alikuwa amesimama lindo mchana kutwa.

Hapo ndipo udadisi ulipomshika Sindano. Waongo alikuwa amewaona wengi. Yule aliyesema mgongo umekufa alibeba magunia yake gizani, na yule aliyesema haoni alisoma gazeti lake chooni. Mwongo hujificha. Huyu alikuwa amejianika kama shuka kwenye kamba.

"Fundi," alisema, kama mtu anayeuliza bei ya mkaa, "hivi yule ndugu pale analinda nini?"

Fundi akaangaza kushoto na kulia, kisha akainama. "Yule ni wa kodi."

"Wa kodi?"

"Mpelelezi. Anajitia analinda geti bovu, kumbe anahesabu wateja wetu. Mimi mpelelezi hanipiti, hata ajigeuze mbuzi. Akiwa karibu tu, pua inaniwasha."

"Na sasa hivi inawasha?"

"Wee! Tangu wiki iliyopita, mpaka nanunua dawa."

"Pole sana," alisema Sindano.

Jua lilipanda. Kivuli cha paa la ghala kilishuka ukutani, kikatanda chini, kikajikusanya kando kidogo ya lango. Mtu yeyote mwenye akili zake angesogea kidogo tu, akapata ubaridi. Koplo hakusogea. Jasho lilimteremka shingoni na kola ikaloa, naye akawa anatazama mbele, kisha kulia, kisha kushoto, taratibu, kama feni. Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akamsalimia. Aliitikia kwa kichwa. Hakusimamisha mtu, hakuandika kitu, hakupokea kitu.

Adhuhuri ilipoingia, mzee mmoja akatokea kwenye kona, amevaa sare ya bluu na kofia ya mlinzi, redio ndogo ameiegemeza sikioni. Huyo alikuwa Babu Redio, mmoja wa walinzi wawili wanaopokezana kwenye ghala la magodoro. Alifika mbele ya Koplo, akashusha redio, akabamiza mguu chini, akatoa sauti ya kikosini:

"Lindo nimelipokea! Nenda kapumzike, afande!"

Koplo akapiga saluti, akageuka, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Mpelelezi mwingine angefunga jalada palepale. Kuna sare, kuna saluti, kuna zamu. Mtu ana kazi. Sindano naye karibu afunge. Lakini Alhamisi na Ijumaa zilizopita zilimkwama kama mwiba wa samaki. Siku hizo aliyekuja adhuhuri ni mlinzi wa pili, kijana wa fulana na vidude vya muziki masikioni. Alipita mbele ya Koplo kama anapita mbele ya nguzo, na Koplo akabaki pale mpaka jua likazama.

Kama ni zamu, mbona mmoja anampokea na mwingine hampokei?

Alivaa kiatu chake chenye gundi mbichi, akamfuata Babu Redio upande wa mbele, kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti. Godoro la wawili au la mpweke?"

"Sitaki godoro. Nataka kujua mwenzako wa geti la nyuma analipwa na nani."

Mzee akacheka mpaka redio ikamponyoka. "Alipwe? Tajiri huyu mimi mwenyewe ananilipa huku anaugulia kama anang'olewa jino. Atamlipa nani kulinda kutu?"

"Lakini nimekuona ukimpokea lindo."

"Aaa, ule utani!" Babu akapangusa macho. "Nilimkuta hapo tangu naanza kazi. Salamu anaitikia, neno haongezi. Siku moja jua kali, nikamhurumia, nikasema ngoja nimchekeshe huyu. Nikapiga mguu, nikasema lindo nimelipokea. Basi, saluti, huyoo, kaenda! Nikasema kumbe dawa ndiyo hii. Tangu hapo kila siku ya zamu yangu namfungulia, masikini, akale."

"Na kesho yake anarudi?"

"Kabla ya jogoo hajasafisha koo." Mzee akatikisa kichwa. "Hilo ndilo linalonishinda. Anaondoka kama mtu aliyeruhusiwa, na anarudi kama mtu ambaye hakuruhusiwa."

"Na ukiwa haupo?"

"Hapo sijui. Yule mwenzangu hata ghala likiota miguu likaondoka, yeye ataendelea kutikisa kichwa na muziki."

Ila Sindano alijua. Alhamisi na Ijumaa, jioni, gari la doria la polisi lilipita mwisho wa uchochoro na dereva akawasha taa mara moja, kama salamu kwa mwenzao wa zamani. Koplo akapiga saluti, akaondoka. Wakati ule aliona ni adabu tu. Sasa akaviweka pamoja, mzee mwenye sare na gari lenye sare. Koplo hakuondoka kwa njaa, wala jua, wala kuchoka. Aliondoka pale tu mtu wa sare alipoonekana kumpokea.

Kwa nini, hilo bado.

Ofisini, mkuu wa kitengo alikuwa anakula karanga juu ya majalada. Mkuu huyu hakuwa mtu mbaya, ila alichoshwa na maneno mengi.

"Ndiyo au hapana?" aliuliza kabla hajaitikia salamu. "Mdai anafanya kazi, ndiyo au hapana?"

"Mkuu, anasimama mahali."

"Kusimama si jibu. Kamati inakaa Alhamisi. Wale wazee hawasomi kurasa zote, wanasoma mstari wa mwisho na saini yangu. Nikiandika ndiyo, dai limekufa, na hakuna rufaa. Mwisho wa mwezi familia inatoka kwenye nyumba za polisi na virago vyake. Nikiandika hapana na kumbe anafanya kazi, ninayetoka na virago ni mimi."

"Nipe mpaka kesho kutwa. Na niruhusu nisikilize tena ile simu."

Ile simu ndiyo iliyoanzisha yote. Mfuko ulikuwa na namba ya watu kutoa taarifa, imebandikwa kwenye kila ukuta wa jengo. Mwanamke alipiga bila kujitaja, sauti ameifunika na kitambaa: "Yule koplo anayewaomba pensheni ana kazi. Kila asubuhi anakwenda kazini. Mfuateni mtaona." Basi.

Sindano aliisikiliza tena na tena, akiwa amefumba macho. Safari hii aliyaacha maneno, akatega sikio nyuma ya maneno. Palikuwa na kitu kinaunguruma. Kikaunguruma, kikakoroma, halafu kikakohoa kikohozi kirefu cha mzee mwenye pumu, chupa zikagongana, kimya.

"Friji," alisema Sindano.

"Nini?"

"Friji mbovu, Mkuu. Aliyepiga simu alisimama karibu na friji inayokohoa."

"Sasa uende ukapime friji za mji mzima?"

"Nitaanza na moja."

Jumanne asubuhi Sindano alikwenda kwenye nyumba za polisi. Zilipangana kama viberiti, zote rangi moja, kamba za nguo zote upande mmoja. Mke wa Koplo alimfungulia akiwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, maana alikuwa anashona sare za shule. Sindano akajitaja kuwa wa Mfuko, akakaribishwa. Sebuleni palikuwa na cherehani, meza, na kiti kimoja cha mbao kilichoegemezwa kwenye ukuta kikitazama mlango. Juu ya kiti kulikuwa na blanketi lililokunjwa.

"Hapo ndipo analala?" Sindano aliuliza.

"Analala!" Mwanamke akatoa pini mdomoni. "Anakaa. Kulala ni neno kubwa."

"Yuko wapi sasa?"

"Kazini." Alilisema neno hilo kama anatema mbegu. "Asubuhi anapiga viatu rangi, anaaga: mama watoto, naenda kazini. Kazi gani, mume wangu? Lindo. Lindo la nani, na polisi walishakuondoa? Kimya. Nimeolewa na ukuta, dada."

Ndipo jikoni kukaanza muungurumo. Ukapanda, ukakoroma, halafu friji ikakohoa kikohozi kirefu cha pumu, na chupa zikagongana.

Sindano akaitazama friji. Mwanamke akamtazama Sindano, kisha na yeye akaitazama friji. Wakabaki hivyo, wote watatu.

"Shemeji," Sindano alisema polepole, "ulitupigia simu wewe."

Mwanamke alikaa juu ya kitambaa alichokuwa anashona. "Sasa ningefanyaje? Mwanamume anatoka kang'aa kama sarafu mpya, harudi na kitu, haongei. Mawifi wananiambia ana mtu. Mimi na magoti haya nitamfuata wapi? Nikaona namba yenu ukutani. Nikasema hawa si ndio wanaofuatilia watu? Wamfuate bure, wamwone huyo mwanamke, waniambie."

"Hukujua kwamba akionekana ana kazi, pensheni inakufa?"

Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo, kama nguo iliyolowekwa. "Inakufa?"

"Ndiyo."

"Na nimeiua mimi?"

"Bado. Nisikilize. Hana mwanamke. Nimekaa mbele yake wiki nzima. Anasimama peke yake kwenye lango la nyuma la ghala la magodoro. Lango lenyewe limechomelewa."

Mwanamke akaweka mkono mdomoni.

"Ghala refu? Uchochoroni, palipo na fundi viatu?"

"Unapajua?"

"Hapakuwa pa magodoro. Palikuwa ghala la polisi, la kuweka vitu vya kesi. Ndipo alipouawa Kadogo." Akapangusa macho kwa ncha ya futi. "Mwenzake wa lindo. Majambazi walikuja mchana kweupe. Mume wangu walimkuta amempakata. Tangu hapo..." Akakionyesha kile kiti.

Sindano aliandika neno moja tu kwenye kiganja chake, kwa kalamu, kama kawaida yake akitaka kitu kisimtoroke: *nani*. Kisha akauliza, "Siku ile nani alikuwa mkubwa wao?"

Mkubwa wao, sajenti ambaye sasa ni mstaafu, aliishi nje kidogo ya mji, na Sindano alimkuta anamwagilia bustani kwa mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye nywele zilizobaki pembeni tu kama ukingo wa sahani.

"Kama umekuja kuuliza kuhusu siku ile, nilishasema yote mbele ya tume ya uchunguzi," alisema.

"Sikuja kwa siku ile, mzee. Nimekuja kujifunza kazi. Mlikuwa mnapokezana lindo vipi?"

Sajenti alishangaa, halafu akalegea. Hilo lilikuwa swali tamu. "Lindo halipokelewi kama kikombe cha chai. Anayeondoka anasimama mbele ya anayeingia, anataja kila kitu alichokuwa nacho. Lango moja, limefungwa. Kufuli moja, nzima. Askari kadhaa. Kama kuna kilichopungua, anakitaja. Anayeingia anarudia, kisha anasema nimepokea."

"Na asiposema?"

"Hujatoka. Hata mvua ya mawe inyeshe, hata umesikia nyumbani kumewaka moto. Mpaka usikie neno hilo kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulisema, lindo ni lako. Vijana tulikuwa tunawafundisha hilo kabla ya kuwafundisha kushika bunduki."

"Babu mmoja mlinzi wa magodoro humwambia Koplo nimepokea. Koplo huenda nyumbani, kisha kesho hurudi."

"Koplo wangu? Anarudi wapi?"

Sindano akamweleza. Alimweleza jua na kivuli, viatu, utani wa Babu Redio, taa za gari la doria. Sajenti alisikiliza akiwa ameshika mpira, maji yakimwagika mahali pamoja mpaka mche wa nyanya ukaanza kuelea.

"Mlinzi wa magodoro hana haki ya lindo la polisi," alisema mwishowe. "Anaweza kumpumzisha kidogo. Kumpokea hawezi."

"Ndivyo nilivyofikiri. Sasa naomba nikuulize moja tu. Siku ile, nani alimpokea?"

Maji yakaendelea kumwagika.

"Tulifika kumejaa watu," Sajenti alisema. "Tulimtoa Kadogo mikononi mwake kwa nguvu. Wote wawili tukawapakia kwenye gari la wagonjwa. Nikaweka askari wengine pale. Baadaye ghala likahamishwa, lango likachomelewa. Binti, siku kama ile nani anakumbuka maneno ya lindo?"

"Yeye amekumbuka."

Sajenti aliinama, akafunga bomba. Ilimchukua muda kunyanyuka. "Kesho asubuhi nitakuja," alisema. "Ngoja nikatafute kofia."

Jumatano asubuhi fundi viatu alimwona Sindano anakuja na mwanamume wa suti, akajishika pua kwa mikono miwili.

"Dada, leo inataka kung'oka!"

"Huyu ni mjomba wangu," alisema Sindano. "Kiatu chake kinabana."

Mkuu alikaa kwenye benchi kwa shingo upande. Alikuwa ameambiwa yote njiani na hakuyaamini hata nusu. "Hadithi nzuri," alisema, akimenya karanga. "Lakini mtu mwenye akili timamu anaweza kutunga nzuri zaidi ili alipwe."

"Ndiyo maana nimekuleta. Mjaribu mwenyewe."

Mkuu akainuka, akavuka uchochoro. Fundi na Sindano wakamwona akijitambulisha, akionyesha kitambulisho chake chenye nembo, akinyoosha kidole kwenye kivuli. Kisha sauti yake ikapanda: "Nakwambia hivi, kama mkuu wa kitengo: lindo limekwisha. Nenda nyumbani."

Koplo alimjibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Samahani, afande. Wewe si wa lindo hili."

"Ukikaa hapa unapoteza pensheni yako! Unanielewa? Kesho nitaandika kwamba una kazi."

Mtu aliyekuwa akiigiza angetetereka hapo, hata kope tu. Sindano aliitazama ile kope kwa makini yake yote. Haikutikisika. Koplo alitazama mbele, kulia, kushoto.

"Sawa, afande," alisema. "Lakini siwezi kuliacha wazi."

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta, mpakiaji wa magodoro akabamiza mlango wa lori. Koplo alikuwa chini kabla mwangwi haujaisha, amelala kifudifudi mbele ya lango, mikono miwili imetandazwa juu ya mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alikuwa anafunika kitu. Alikaa hivyo kwa muda, akipumua kwa nguvu. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akarudi wima palepale.

Mkuu alirudi kwenye benchi, akakaa. Karanga zilikuwa zimemwagika zote.

"Nani anamlipa mtu kwa hilo?" alisema chini kwa chini.

Mwishoni mwa uchochoro gari likasimama. Wakashuka wawili, Sajenti, amevaa kofia yake ya zamani na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe, na mke wa Koplo, anachechemea.

Mkuu akamshika Sindano mkono. "Ngoja. Ukimwondoa leo, kamati ikitaka kuja kumwona kesho nitaionyesha nini? Mwache mpaka Alhamisi ipite."

Kabla Sindano hajajibu, mke wa Koplo alikuwa ameshafika. "Baba," alimwambia Mkuu, "nyumba mtaichukua mkitaka. Juani pale simwachi tena, si kwa ajili ya kamati wala kwa ajili ya nani."

"Umeona mwenyewe, Mkuu," alisema Sindano. "Na mstari wa mwisho unaandika wewe."

Mkuu akauachia mkono wake.

Sajenti alivuka. Mwendo wake ulikuwa wa kizee mpaka katikati ya uchochoro. Kutoka hapo ukawa mwendo mwingine. Akasimama mbele ya Koplo.

"Koplo. Nimekuja kupokea lindo. Kabidhi."

Kitu kikapita usoni mwa Koplo. Midomo ilianza kusogea kabla sauti haijatoka.

"Lango moja, limefungwa."

"Lango moja, limefungwa."

"Kufuli moja, nzima."

"Kufuli moja, nzima."

"Askari..." Sauti ikakatika. Fundi viatu alikuwa amesimama, nyundo mkononi, ameisahau pua yake. "Askari wawili," Koplo alisema. "Mmoja amepungua, afande."

Sajenti alivuta pumzi. Kofia yake ilitikisika.

"Askari wawili," alisema. "Mmoja amepungua. Nimepokea."

Koplo hakupiga saluti. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Kisha akasogea kando, akaingia kwenye kivuli, akakaa chini na mgongo ukutani.

"Mama watoto," alisema, "kuna maji?"

Alhamisi, Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kamati, hatua chache kutoka meza ya Sindano, na jalada kwapani, bado hajasaini. Usiku mzima lilimsumbua jambo moja, na sasa akalisema: "Na kama amepona, je? Watasema mtu aliyepona jana hadai pensheni leo."

Simu ya taarifa ikaita mezani kwa Sindano. Aliibonyeza ili wote wasikie. Safari hii sauti haikufunikwa na kitambaa, na nyuma yake kitu kilikuwa kinaunguruma.

"Nyinyi wa Mfuko? Nataka kutoa taarifa. Ni mume wangu. Jua limeshatoka, na bado amelala." Alikuwa ananong'ona. "Amejilaza sakafuni, sawa, kakingama mlangoni kama gogo, siwezi kutoka hata kununua mkate. Usiku kapiga kelele, kaniita Kadogo. Lakini amelala, dada. Viatu viko hapa, havijapigwa rangi. Nimekaa jikoni, nimeishikilia friji isije ikamwamsha."

Hapo friji ikakoroma, ikaanza kukohoa, na chupa zikagongana. Wote wakanyamaza, ofisini na kule, wakisubiri.

"Bado," alinong'ona mwanamke. "Bado amelala."

Mkuu akaweka jalada juu ya meza ya Sindano, akafungua ukurasa wa mwisho. Kwenye mstari wa *mdai anafanya kazi* akaandika *hapana*, akasaini, akapuliza wino ukauke, akaingia kwenye kamati.